Gazeti la Jana, Maandazi ya Leo

Gazeti likifika Benaco, habari zake zimeshatangulia, zimepumzika, na zimebishaniwa kwa kinyozi mpaka zimechosha. Si kosa lake. Limetoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa, likafika Mwanza, kisha likapandishwa basi pamoja na vifaranga, vipuri vya pikipiki na marobota ya mitumba. Zamani lilikuwa na kisingizio cha foleni ya kivuko pale Kigongo, likisubiri kuvushwa kwenda Busisi. Tangu Juni 19, 2025, lilipozinduliwa Daraja la JP Magufuli la kilomita 3 hivi juu ya Ziwa Victoria, kisingizio hicho nacho kimekufa. Linapita Sengerema, Geita, Katoro, Biharamulo, Lusahunga na Nyakahura, na njia nzima kuna konda, kuna abiria wa siti ya mbele, na kuna yule asiyekosekana anayeomba "kuangalia matokeo tu". Linatufikia lina mikunjo ambayo kiwandani haikuwepo, na alama ya dole gumba lililotoka moja kwa moja kwenye paja la kuku.

Wakati huo malori yameshalipita zamani. Benaco ipo pale barabara inapogawanyika: wa Rwanda ananyoosha kwenda Rusumo, wa Ngara mjini na Burundi anakunja. Dereva aliyepakia mzigo Bandari ya Dar es Salaam anashuka hapa na habari za Morogoro, Dodoma, Singida na Kahama, amezipanga kwa kufuata mizani alizopimwa. Ukimnunulia chai, anakuongezea na zile ambazo hakuna mhariri angethubutu kuzichapa. Redio nayo haikuachi: ipo Radio Kwizera, iliyoanza mwaka 1995 chini ya shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, na zipo za Dar es Salaam ambazo kila asubuhi huwasomea watu kurasa za mbele za magazeti. Halafu simu. Kwa hiyo basi likisimama na kifurushi kikatupwa chini, kijana yeyote wa bodaboda anaweza kukusimulia ukurasa wa mbele hata kabla kamba haijafunguliwa.

"Sasa gazeti la nini?" Hiyo ndiyo hoja ya kinyozi wetu, na huitoa akiwa ameshika wembe, kwa hiyo hapingwi sana.

Mimi humpinga nikishavuliwa kile kitambaa cha shingoni. Benaco haijawahi kuwa na shida ya habari kuchelewa. Shida yetu ni habari kutotulia. Inaingia mbio, inatuvuruga, na ukigeuka kumshika aliyeileta, hayupo.

Chukua ile ya daraja. Jioni moja kundi la WhatsApp la wafanyabiashara wa hapa lilipokea picha ya daraja la Rusumo, na chini yake maneno kwa herufi kubwa: limepata nyufa, linafungwa usiku huu, mjulishe na mwenzio. Sasa Benaco ikisikia malori yamezuiwa mpakani haihuzuniki. Inaweka maharage jikoni. Mama lishe jirani yangu aliagiza mbuzi wa pili. Wenye nyumba za wageni walianika mashuka. Mimi, mwenye kaduka ka madaftari na vocha, niliongeza katoni za maji na sabuni za vipande, maana dereva akilala njiani usiku wa pili atakumbuka kuoga. Tukakaa barazani kusubiri neema.

Malori yalipita usiku kucha. Hayakupunguza hata mwendo.

Asubuhi mwalimu mmoja mstaafu, ambaye nitamrudia kwa sababu hakwepeki, aliazima simu ya kijana, akavaa miwani, akaitazama ile picha kwa muda ambao hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ametumia. "Hili ni daraja la zamani," akasema. "La njia moja. La sasa walilizindua Magufuli na Kagame Aprili 6, 2016. Nyie si mnavuka pale kila wiki?" Tunavuka. Wengine wetu tunavuka na kurudi siku hiyohiyo. Tukafungua simu kumtafuta aliyetuma, tukakuta pale palipokuwa na daraja pameandikwa kwamba ujumbe umefutwa. Yule mbuzi wa pili aliuzwa kwa nusu bei, mchana na jioni, mpaka akaisha. Sijawahi kula uongo mwingi kiasi kile.

Gazeti nalo hukosea, nani asiyejua. Yapo ya udaku ambayo yakiandika kwamba fulani ameoa, mkewe wa kwanza ndiye wa mwisho kushangaa, kwa kuwa si kweli na hata huyo fulani hajui. Siyatetei. Ila gazeti likikosea, kosa linabaki pale, jeusi, na tarehe juu. Unaweza kulikunja, ukalitia kwapani, ukapanda nalo basi mpaka kwa mhariri na kumwonyesha kwa kidole. Ndiyo maana huomba radhi, japo kwa herufi za sisimizi, chini kabisa ya ukurasa ambao watu huukalia.

Huyo mwalimu ndiye taasisi yetu ya magazeti. Alifundisha shule za msingi za Ngara mpaka akastaafu, na siku hizi anapokea gazeti lake kwa dereva wa basi aliyewahi kumfundisha kuzidisha. Analisoma kwa kulifuata, ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, pamoja na matangazo ya vifo vya watu asiowajua, ambao huwaombea. Akimaliza halitupi. Ana sanduku la bati, na ndani yake, juu ya mengine yote, lipo gazeti la kigeni la mwaka 1994 aliloachiwa na mfanyakazi wa shirika moja la misaada. Mwaka huo jina la Benaco, ambalo asili yake ni kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara iliyokuwa na kambi yake hapa, lilizunguka dunia nzima. Kati ya Aprili 28 na 29 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia mauaji ya Rwanda, kwa muda wa saa 24 hivi, na kilima kilichokuwa na nyasi kikawa mji. Hilo si la kuchekea, na mwalimu hacheki anapolifungua. Vijana wa bodaboda waliozaliwa baadaye huwa wanambishia kwamba haiwezekani watu wote hao wakae hapa. Habishani nao. Anawafungulia ile picha: mahema ya bluu mpaka upeo wa macho, na nyuma yake mlima wanaoujua. Wananyamaza. Kisha mmoja anaomba aipige picha kwa simu, na mwalimu anamwambia apige, lakini asiiguse.

Kinyozi akimletea hoja yake ya gazeti kuchelewa, mwalimu humjibu kwa habari ya Mambo Leo. Gazeti hilo lilianza mwaka 1923, likitolewa na Idara ya Elimu ya serikali ya Tanganyika, na lilikuwa la mwezi. Mwezi mzima! Baba yake alikuwa akilipata baada ya miezi mingine kupita, na alikuwa akilisoma kwa sauti kwa watu waliokaa chini, na hakuna aliyesimama kusema hiyo tumeshaisikia. "Nyie," mwalimu humwambia kinyozi, "mnaijua habari kabla haijatokea, halafu hamjui imetokea wapi."

Kuna siku ambazo hisa za mwalimu hupanda. Mei 12, 2024 nyaya mbili za intaneti zilizolazwa baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Hapa Benaco kila mtu alidhani ni bando lake. Niliuza vocha siku ile kuliko sikukuu ya Idi na Krismasi zikiunganishwa. Watu walikuwa wakijiunga, wakisubiri, wakilaani, wakijiunga tena. Mwalimu akapita na gazeti la siku tatu nyuma, na kwa mara ya kwanza niliona vijana wakimfuata mtu kwa sababu ya gazeti. Oktoba mwaka huohuo mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilisitisha kwa siku 30 leseni za maudhui ya mtandaoni za Mwananchi Communications, lakini Mwananchi la karatasi likaendelea kutoka na kushuka kwenye basi kama kawaida, na dole gumba lake. Kinyozi alikaa mwezi mzima bila kutaja habari ya gazeti. Alinyoa tu.

Lakini nisije nikawadanganya. Wasomaji wengi wa gazeti hapa Benaco hawalinunui. Wananunua maandazi. Tangu Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini, karatasi imerudi enzini. Ng'ambo ya mto, Rwanda, marufuku hiyo ilianza mwaka 2008, na wasafiri wetu walikuwa wakivuliwa mifuko pale Rusumo wakabaki wamekumbatia nyanya. Tukawacheka miaka kumi na moja, kisha zamu yetu ikafika. Sasa karanga, maandazi, nyama ya nusu kilo, dagaa, misumari, vyote vinafungwa kwa gazeti. Mafundi cherehani wanakatia vipimo vya magauni juu ya hotuba za bajeti. Watoto wanavalishia madaftari, ndiyo maana mtoto wangu anajua majina ya mawaziri wa zamani kuliko somo lililo ndani ya daftari. Magazeti yasiyouzwa yanakuja kwa kilo, na mama wa maandazi hapa njia panda ndiye mnunuzi wake mkubwa kuliko ofisi yoyote ya wilaya.

Kusoma gazeti la maandazi kuna matatizo yake. Kwanza mafuta: yakishapenya, karatasi inakuwa kioo, unasoma pande zote mbili kwa pamoja, na waziri mkuu wa nchi fulani anaonekana akifunga bao dakika ya themanini. Pili, halina mwisho. Nilisoma hivyo kesi moja ya mirathi, nzuri sana, ndugu watatu na nyumba moja, mpaka pale hakimu alipovua miwani na kusema. Kipande kikaishia hapo. Nikanunua andazi jingine ili nipate hukumu, nikapata tangazo la mbolea. Nikanunua la tatu, nikapata bei za mahindi. Mama akaniuliza kama nyumbani kuna wageni. Mpaka leo sijui ile nyumba alipewa nani, na sukari yangu ya mwili haiko pale ilipokuwa.

Ndipo tunapofika kwenye habari ya cheti.

Cheti changu cha kidato cha nne nilikuwa nimekihifadhi ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda, kimefungwa kwa gazeti. Nilipokihitaji kwa ajili ya kibarua cha ukarani wa msimu, nikakuta mchwa wamefika kabla yangu. Wamekula cheti chote, wamebakiza pembe moja yenye nusu ya muhuri. Gazeti hawakuligusa. Nililigeuza kutafuta sababu. Lilikuwa la udaku.

Katika ofisi niliyokwenda, ambayo sitaitaja kwa sababu nitaihitaji tena, kijana wa mezani alinisikiliza kwa upole hadi nilipotaja mchwa. "Mzee, hapa pana kisanduku cha kuibiwa, kuungua na kupotea. Mchwa hawapo."

"Basi andika kimeliwa."

"Nitaandika kimepotea. Nenda polisi upate taarifa ya kupotelewa, halafu utangaze gazetini, halafu uniletee gazeti. Gazeti lenyewe, mzee wangu. Si kipande, si kivuli."

Polisi nikaenda. Pesa ya tangazo nikaituma kwa simu kwa wakala Mwanza, na maandishi yake akayatunga mwenyewe: kwamba mimi, jina kamili, nimepotelewa na cheti, na atakayekiona akipeleke kituo chochote cha polisi. Nikaliwaza hilo sana. Atakayekiona itambidi apeleke kichuguu.

Siku tangazo lilipotoka, wakala alinitumia picha yake kwenye simu. Nzuri kabisa, jina langu limekaa sawa. Nikaipeleka ile picha kwa kijana wa mezani ili kuokoa muda, akaitazama, akatabasamu kwa huruma. "Za simu hatupokei. Juzi kuna mtu kaleta ukurasa wa mbele kwenye simu, una nembo na kila kitu, unasema ofisi hii yote tumefukuzwa kazi. Tulishinda hatujala." Sikuweza kumlaumu. Kurasa za kughushi zenye nembo za magazeti halali zimekuwa nyingi kiasi kwamba magazeti yenyewe kila mara hulazimika kuzirusha tena zikiwa na muhuri mwekundu kwamba si zao.

Nikasubiri basi. Jirani yangu mwenye duka la magazeti, ambaye pia huuza mikate na betri, alikuwa ameagiza nakala moja ya ziada kwa jina langu. Gazeti likafika, akaliweka pembeni, akaenda kuswali. Mdogo wake aliyebaki dukani akamuuzia dereva wa lori.

"Lori gani?"

"Kichwa cha njano, trela la bluu. Kanunua na mikate miwili."

Nikapanda mchomoko kwenda Rusumo. Watu wanane ndani ya gari la watu watano, mimi nimekaa juu ya goti la mtu niliyemwamkia kwanza ili tuzoeane. Mpakani malori yalikuwa yamepangana kusubiri nyaraka, na lile la njano halikuwa na shida kuonekana, kwa sababu utingo alikuwa anakaanga vitunguu chini ya trela na harufu ilinichukua mkono. Kurasa za mbele za gazeti langu zilikuwa zimesimamishwa kwa mawe kukinga jiko upepo. Zile za katikati, zenye matangazo, zilitandikwa chini ya sufuria. Za michezo alikuwa nazo dereva mwenyewe, amelala kwenye mkeka, amezifunika kifuani kwa mikono miwili.

Nilijieleza. Dereva akakaa, akamwamuru utingo anyanyue sufuria, akachukua ukurasa, akausoma kwa sauti ya kutosha mpaka Burundi. Alipofika kwenye jina langu akaninyooshea mkono. "Kumbe ndiye wewe? Pole sana, kaka." Madereva wa malori mengine wakasogea. Kila mmoja alinipa pole kwa mkono, mmoja akauliza mazishi ni lini, akaelekezwa. Tukakubaliana: nitamletea kilo ya magazeti ya zamani akipita Benaco kurudi, maana anayatumia kukinga jua kwenye kioo, naye ananipa ukurasa wangu. Wa michezo hakutaka hata kuuzungumzia.

Ukurasa ulikuwa na duara la kahawia katikati, saizi ya sufuria, na jina langu lilikuwa salama ndani ya duara. Nilifurahi. Nikatazama simu: saa 11 kamili jioni. Mchomoko wa mwisho huondoka saa 12. Nikakubali sahani ya wali na vitunguu, nikala kwa raha, tukaongelea mizani. Niliposogea barabarani, pale pa michomoko palikuwa patupu na mwanamke mmoja alikuwa anafagia.

"Mama, michomoko imekwenda wapi?"

"Imelala, baba. Saa moja hii."

Nikamwonyesha simu. Akacheka mpaka akauegemea ufagio. Rusumo simu hushika mtandao wa ng'ambo bila kukuaga, na ng'ambo wako nyuma yetu kwa saa moja. Mwili wangu ulikuwa Tanzania, saa yangu ilikuwa Rwanda. Kijana wa bodaboda akanitajia nauli ya kwenda Benaco ambayo ingenifikisha Kigali na kunilaza hotelini. Nikalala kwenye kiti cha mbele cha lori la njano, utingo akinung'unika nyuma kwamba mgeni amechukua nafasi yake.

Kijana wa mezani aliuchukua ukurasa kwa ncha za vidole. Akaunusa.

"Vitunguu?"

"Na mafuta kidogo."

"Tangazo naliona. Tarehe iko wapi?"

Tarehe ilikuwa pembeni juu, na pembeni juu ndipo moto wa jiko ulipokuwa umelamba. Jina la gazeti je? Ukurasa wa mbele ulibaki Rusumo unakinga upepo. "Kwa hiyo, mzee," akasema taratibu, kwa adabu zote, "hiki ni kipande cha karatasi kinachosema umepotelewa na cheti, lakini hakisemi lini wala nani amesema." Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Ni mambo yaleyale ambayo mimi humwambia kinyozi.

Nilipopita kwa mwalimu kulalamika tu, aliniacha nimalize habari yote, pamoja na mama wa ufagio, kisha akasema: "Lile tangazo nililiona siku ileile. Nilidhani ni majina kufanana. Nikakuombea hata hivyo." Akafungua sanduku la bati. Gazeti zima, kurasa zote, tarehe juu, halina hata doa.

Nikamwomba akate ukurasa. Akanitazama kana kwamba nimemwomba akate mguu. Nyuma ya tangazo langu kulikuwa na bei ya kahawa, na bei ya kahawa haikatwi. Basi aniazime zima, nalirudisha jioni. Alisema wapo waliomwazima mwaka 1998 na anawataja kwa majina katika sala. Likabaki jambo moja: gazeti litakwenda ofisini, na yeye atakwenda nalo. Kesho yake tukaondoka, mwalimu ndani ya koti la suti, kiti cha mbele, gazeti limefungwa ndani ya gazeti jingine lisilo na hadhi, mimi nyuma yao nikilipa nauli za wote. Wazee wetu wanayakumbuka mabasi yaliyokuwa yakivuka mapori ya Biharamulo kwa kusindikizwa na polisi wenye bunduki, na ulinzi wa siku ile haukupungua ule.

Ofisini palikuwa na foleni. Mwalimu akalifungua gazeti ili apoteze muda, na kwa kuwa hajui kusoma kimya, foleni nzima ikapata habari za kimataifa, barua za wasomaji, na vifo viwili. Mama mmoja aliyeitwa dirishani alikataa kwenda mpaka amalizie ya mwanamke wa Tabora aliyeshtakiana na mpangaji wake. Tulipofika mezani, mwalimu alilitandaza gazeti kwa viganja viwili, akalinyoosha mikunjo, akaweka kidole kwenye tarehe, kingine kwenye jina langu.

Kijana akainama. Akasoma. Akakubali kwa kichwa. Kisha akatoa simu yake mfukoni, akaupiga ukurasa picha, mara mbili kwa sababu ya mwanga, akabonyeza hapa na pale. "Nimeshamtumia bosi kwa WhatsApp," akasema. "Chukueni tu gazeti lenu."

Nilifungua mdomo. Mwalimu alinikanyaga.

Akaanza kulikunja, ukurasa kwa ukurasa, akiufuata mkunjo wa asili. Kijana wa mezani alikuwa bado amesimama, anatazama mikono yake, na sauti ilipomtoka ilikuwa ya chini, ya mtu aliyekaa kwenye kiti hicho tangu asubuhi na nyuma yangu kuna foleni ya mpaka mlangoni.

"Mwalimu, shikamoo. Huo wa michezo hauwezi kuniachia?"

"Marahaba," mwalimu akasema, akalitia gazeti kwapani. "Si upo kwenye simu yako?"